Kuzunguka mabanda ya nchi za nje Lugogo kwa siku moja: mwongozo kamili kwa asiyetaka kurudi na ufagio tu

Kila Oktoba, maonyesho ya kimataifa ya biashara yakimalizika pale Lugogo, Kampala, simu yangu hujaa lalamiko lile lile. "Dada, nimezunguka kutwa nzima, miguu imevimba, na ukiniuliza nimeona nini sina jibu." Mwingine karudi na ufagio, soksi jozi sita na fungu la vipeperushi litakaloishia kufungia vitumbua. Mama mmoja wa Busia alilala Kampala siku mbili, akalipa kiingilio mara mbili, na bado hakulifikia banda la Pakistani lililomtoa nyumbani. Alianzia kwenye muziki, muziki ukammaliza.

Mimi nauza vyombo vya jikoni Kireka. Watu wawili wanaoniletea mzigo hadi leo niliwapata ndani ya uwanja ule, na mle mle ndimo nilimopoteza pesa ambazo bado zinaniuma, kisa nitakachokisimulia mbele. Nilichojifunza ni kwamba mabanda ya nchi za nje hayazungukwi mara moja. Yanazungukwa mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa mdomo. Anayechanganya mizunguko hiyo miwili ndiye anayerudi na ufagio.

## Vitu vya kubeba

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu mbili. Simu huzima, daftari halizimi. Kalamu ya pili ni kwa sababu ya kwanza utamwazima mtu na hutaiona tena.
- Simu yenye chaji, na pawabenki. Utapiga picha nyingi kuliko unavyodhani.
- Kadi ishirini zenye jina lako, kazi yako na namba ya WhatsApp. Huna za kuchapisha? Kata karatasi uandike kwa mkono. Mwenye banda akipewa kipande cha karatasi safi hukitunza. Akitajiwa namba kwenye kelele, hukosea tarakimu moja na mkapotezana.
- Tepu ya kupimia, pamoja na vipimo vya mlango wa duka au jiko lako, viandike nyuma ya daftari.
- Pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo. Nyingine ziache kwenye simu. Lakini usitegemee simu peke yake, maana watu wakijaa mahali pamoja mtandao hulegea, na utasimama na njaa mbele ya chapati.
- Viatu ulivyokwisha vizoea. Oktoba ni mvua Kampala. Chukua koti la mvua badala ya mwavuli. Mwavuli kwenye umati ni wa kutobolea watu macho.
- Chupa ya maji.

Begi kubwa liache nyumbani. Getini watu hukaguliwa, na foleni ya wenye mabegi ndiyo inayokwenda kinyonga. Mkasi, kisu cha matunda na vitu vya aina hiyo pia vibaki.

## Hatua ya 1: Andika swali moja kabla ya kutoka nyumbani

"Naenda kuona vitu vipya" si swali. Vitu vipya ni vingi, vyote vinang'aa, na kila kimoja kina kijana wa kukuvuta mkono.

Swali ni hili: "Nani ananiuzia sufuria za alumini kuanzia dazeni kumi kwa bei iliyo chini ya Kikuubo, soko letu la jumla la Kampala?" Au: "Kuna mashine ya kukamua alizeti inayoweza kufanya kazi kijijini kwetu, na vipuri vyake vinauzwa wapi?" Swali la namna hiyo linakuambia mara moja banda gani ulipite na banda gani usimame.

Siku moja kabla, pita Kikuubo au soko lolote unalonunulia, uandike bei za jumla za bidhaa unayoitafuta. Bila bei hizo utaambiwa "hii ni bei ya maonyesho, dada" nawe utaamini. Ninazo sahani zilizonigharimu zaidi Lugogo kuliko mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kulisema swali lako ndani ya taxi (matatu) kwa pumzi moja, na jirani yako akaelewa.

## Hatua ya 2: Chagua siku, kisha fika kabla ya spika kuwashwa

Maonyesho kwa kawaida huangukia mwanzoni mwa Oktoba, na ndani yake mara nyingi mna tarehe 9, Siku ya Uhuru. Siku hiyo, pamoja na Jumamosi na Jumapili, ni za familia, watoto na muziki. Hazifai kwa mtu wa kazi. Siku ya kwanza nayo siipendi, kwa sababu wageni wengine bado wanapigilia misumari huku mizigo yao haijafunguliwa. Siku ya pili au ya tatu, katikati ya wiki, ndiyo yangu.

Uwanja wa UMA, chama cha wenye viwanda wa Uganda, uko Lugogo, kando ya barabara ya Jinja, kabla hujafika Nakawa ukitoka mjini. Panda taxi ya Nakawa, Kireka au Mukono umwambie kondakta akushushe Lugogo. Unayetoka Busia, Mbale au Jinja kwa basi, usikubali kupelekwa hadi katikati ya mji halafu ulipe tena kurudi. Shuka Nakawa, kilichobaki ni boda ya dakika chache.

Na tahadhari moja inayochekesha hadi ikupate wewe: usimwambie mwenye boda "nipeleke bandani". Banda ni mtaa, uko ukishapita Nakawa kuelekea Kireka, na atakufikisha huko akidai pesa yake kwa haki kabisa.

Kula kabla ya kuingia. Rolex mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai) na chai ya Nakawa zitakufikisha saa nane, na bei za chakula ndani ya uwanja ni za watu wasio na pa kwenda.

Utajua umefanikiwa ukiwa ndani saa tatu na nusu asubuhi, unasikia ufagio na bado husikii spika.

## Hatua ya 3: Mzunguko wa macho (saa moja na nusu, mikono mfukoni)

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo soma polepole.

Ukishapita geti, usisimame. Nenda hadi mwisho wa uwanja, kwenye mabanda ya mbali kabisa, uanze kurudi nyuma. Watu wakiingia hunasa kwenye mabanda ya mwanzo kama nzi kwenye embe; saa nne hapo hapapitiki, wakati kule mwisho mwenye banda bado anapanga glasi na ana muda wa kukutazama usoni.

Katika mzunguko huu huulizi bei. Hupokei kipeperushi. Huonji juisi. Dakika moja kwa kila banda inatosha: tazama, weka alama, sogea. Sababu ni nyepesi: ukiuliza bei kwenye banda la kwanza, utanunua kwenye banda la kwanza. Binadamu ndivyo tulivyo. Bei ya kwanza hugeuka kipimo, na kumbe kitu hicho hicho kipo mabanda kumi mbele, kizito zaidi na nafuu zaidi.

Daftarini chora ramani mbaya. Mistari ni njia, vibox ni mabanda. Tumia alama tatu tu: nyota kwa "narudi kuongea", duara kwa "nikipata muda", msalaba kwa "hapana". Usiweke nyota zaidi ya tano, la sivyo umejidanganya.

Picha nazo zina utaratibu wake. Piga kwanza kibao chenye jina na namba ya banda, kisha bidhaa, kisha bei kama imebandikwa. Kila banda hivyo hivyo. Usiku ukizifungua zitajipanga zenyewe kwa mafungu. Ukipiga ovyo utabaki na picha themanini za birika bila kujua la nani.

Onyo kuhusu bendera. Bendera iliyo juu ya banda inakuambia nani amelipia nafasi, haikuambii bidhaa imetengenezwa wapi. Geuza kitu, soma kitakoni. Chini ya bendera moja nzuri sana niliwahi kukuta sufuria zile zile ninazouza mimi Kireka, na stika ya duka la Kampala haijabanduka vizuri.

Jambo jingine ni langu binafsi, lichukue au liache. Watu hukimbilia Uchina, India, Misri na Pakistani, wakawapita Wakenya kama hawapo kwa sababu "hao tunawajua". Kwa duka dogo, jirani ndiye mwenye maana. Mzigo wake hauvuki bahari, ukiharibika unajua pa kumpata, na mnaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ramani, nyota tano au pungufu, na bado hujatoa shilingi.

## Hatua ya 4: Mzunguko wa mdomo

Sasa rudi kwenye nyota zako, moja baada ya nyingine. Muda mzuri ni kuanzia saa saba mchana, umati unapokimbilia chakula. Ukikuta banda limejaa, usisukumane. Nenda nyota ya pili, urudi.

Kwanza mtafute mwenye uamuzi. Vijana wanaosimama mbele mara nyingi ni wenzetu wa hapa hapa Kampala walioajiriwa kwa siku hizo chache. Wanajua bei iliyoandikwa, basi. Uliza swali linalowazidi, kama "nikichukua hamsini je?", halafu usiangalie mdomo wao, angalia macho yao yanaenda wapi. Mwaka mmoja niliuliza hivyo kwenye banda la vyombo. Binti aligeuka akatazama nyuma ya pazia, ambako mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya katoni anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Nikazunguka kwa upande wa pili nikamsalimu mzee mwenyewe.

Alitoa kikokotoo. Seti ya sufuria iliyoandikwa 85,000 mbele ya banda, kwa seti 50 akaibonyeza ikawa 61,000. Moyo ukaruka. Nusura nitoe mkono. Kisha nikamuuliza, "Hiyo ni hapa Lugogo?" Akacheka, akafuta kioo kwa kidole gumba kama vile namba imechafuka. "Mombasa, mama. Mombasa."

Neno hilo moja lina kilomita zipatazo 1,170 za barabara, lori, wakala wa forodha na mpaka. Tangu siku hiyo maswali yangu ni matano, na siruki hata moja:

1. Nani hapa anaamua bei? Ili usirudie maelezo mara tatu.
2. Kiwango cha chini cha kuagiza ni kiasi gani? Wengine huanzia kontena nzima. Afadhali ujue mapema mwachane kwa amani.
3. Bei hiyo ni mzigo ukiwa wapi? Kiwandani kwao, bandarini kwao, Mombasa au Kampala. Hizo ni bei nne tofauti za kitu kimoja.
4. Nani Kampala anatengeneza kikiharibika, na vipuri viko wapi? Akikujibu "hakiharibiki", weka msalaba.
5. Uko hapa hadi lini, na nikupate wapi baadaye? Mpigie simu hapo hapo mbele yake, uione ikiita mfukoni mwake.

Kikokotoo kikionyesha bei, omba ruhusa ukipige picha kikiwa juu ya bidhaa yenyewe. Wengi hukubali. Anayekataa naye amekuambia kitu.

Kuhusu lugha, usidhani kila mgeni yuko gizani. Mfanyabiashara aliyewahi kukaa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuwa anakisikia Kiswahili vizuri kuliko wewe. Nilisimama karibu na wanaume wawili waliomteta mwenye banda kwa dakika nzima, jinsi alivyo bahili na kadhalika, hadi akawauliza kwa upole, "Kwa hiyo mnachukua au mnaacha?" Salamu kwanza, heshima kwanza. Mzee ni mzee hata akiwa na bendera ya mbali.

Utajua umefanikiwa ukiwa na majibu matano kwa kila nyota, kwa maandishi. Mimi nikipata mabanda matatu yenye majibu kamili nahesabu siku imelipa.

## Hatua ya 5: Soma kibati kabla hujasifu mashine

Niliahidi kusimulia. Nilinunua mashine ya kukandia unga wa chapati kwenye banda la nchi moja ambayo sitaitaja. Pale bandani iliimba. Unga uliingia, donge likatoka laini, watu wakapiga makofi. Nikalipa, nikapakia kwenye pikapu, nikafika nyumbani, fundi akaitazama kwa sekunde tano. "Dada, hii ni ya fezi tatu."

Nyumbani kwangu, kama kwenu wengi, pana umeme wa fezi moja; fezi tatu ni ule wa mashine kubwa za viwandani. Mwenye banda alikuwa amesharuka kwao, na namba iliyo kwenye kadi haikuita tena. Nilikuja kumwuzia mashine hiyo mwenye kiwanda cha mikate kwa bei ninayoona aibu kuiandika.

Kila mashine ya umeme ina kibati kidogo cha chuma au stika, mara nyingi mgongoni au chini ya mota. Inama ukisome:

- V ni volti, yaani msukumo wa umeme. Uganda ni volti 240. Kibati kikisema 220–240 ni sawa. Kikisema 110, utahitaji transfoma. Kikisema 380 au 415, hiyo ni ya fezi tatu.
- Ph, au alama ya namba yenye kiwimbi: 1 ni fezi moja, 3 ni fezi tatu.
- Hz: kwetu ni 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 pekee itazunguka polepole na inaweza kupata moto.
- kW ni ukubwa wa mota. Nguvu farasi moja ni takriban 0.75 kW.

Plagi nayo itazame. Soketi zetu ni za miguu mitatu bapa, sawa na za Kenya. Kubadilisha plagi ni kazi ndogo ya fundi, hivyo plagi peke yake isikukatishe tamaa.

Kama kweli unaihitaji mashine ya fezi tatu, nenda kwanza kaulize gharama ya kuvutiwa laini hiyo. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo uliza huko. Huenda laini ikakugharimu zaidi ya mashine.

Utajua umefanikiwa ukiwa na picha ya kibati ambayo kila namba inasomeka. Mtumie fundi wako akiwa huko huko nyumbani, usubiri jibu. Hakuna mashine inayokimbia.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya mpakani ukiwa bado uwanjani

Bei ya mwenye banda ni nusu ya habari. Bidhaa zitokazo nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, wenye viwango vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Malighafi na mashine nyingi za uzalishaji ziko chini. Bidhaa zilizokamilika, hasa zile ambazo kanda yetu inazitengeneza, ziko juu. Chache nyeti, mchele na sukari zikiwemo, huzidi hapo.

Chukua mfano wa mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000 ikijumlisha usafiri na bima, ulio kwenye kiwango cha 35:

- Ushuru wa forodha: 350,000.
- VAT ya asilimia 18, inayotozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 1,350,000: inakuwa 243,000.
- Kodi ya zuio ya asilimia 6: 60,000. Hii unaweza kuja kuihesabu kwenye kodi yako ya mapato, lakini siku ile inatoka mfukoni.

Umefika 653,000 juu ya milioni yako, bado tozo ndogo ndogo, wakala na lori. Ndiyo maana kitu cha "bei ya kutupa" bandani hakiwi cha kutupa kikifika Kireka.

Habari njema zipo. Bidhaa ya Kenya au Tanzania yenye cheti cha asili cha Jumuiya, kinachothibitisha ilikotengenezwa, haitozwi ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani, Busia, Malaba au Mutukula. Misri na Uganda zote zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo banda la Misri liulize: "Mzigo utakuja na cheti cha asili cha COMESA?" Jibu lake hubadilisha hesabu nzima.

Uliza pia kuhusu ukaguzi wa ubora. UNBS, shirika la viwango la Uganda, hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Asiyejua hilo mzigo wake hukwama, na ghala hudai kila siku.

## Hatua ya 7: Ukifika kwenye kulipa

Nunua sampuli, usinunue ndoto. Chukua moja au mbili, ukazitumie mwezi mzima, ndipo uagize.

Usilipe amana ya mzigo wa kutoka nje ukiwa umesimama bandani, hata ukiambiwa punguzo linaisha leo. Omba proforma, yaani ankara ya kabla ya malipo, yenye jina la kampuni, anwani, bei na mahali bei inapoishia. Ukiiangalia usiku ukiwa umekaa, utaona usichokiona mchana.

Unachonunua pale pale, kifunguliwe boksi lake mbele yako. Si kile cha maonyesho, kile utakachobeba. Kichomekwe, kiwake, ndipo utoe pesa. Dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, ikiwa unanunua kwa ajili ya biashara, maana karatasi ya mkono haitakusaidia kwenye kodi.

Na ile hekima ya mtaani kwamba siku ya mwisho vitu huwa rahisi? Ni kweli, mgeni hapendi kurudi na mzigo. Lakini kinachobaki siku ya mwisho ni vifuniko visivyo na sufuria zake, na birika lililoshikwashikwa na nusu ya Kampala. Nenda siku ya mwisho ukitaka zulia la nyumbani. Biashara iwe imekwisha kabla.

## Hatua ya 8: Umati

Simu mfuko wa mbele. Choo nenda asubuhi kabla hujakihitaji.

Mkiwa kundi, chagueni mahali pa kukutana pasipo pazuri: nyuma ya choo, chini ya nguzo ya taa. Mahali pazuri ndipo watu wote wanapokutana. Pangeni saa pia, kwa sababu kwenye kelele simu haisikiki.

Ukilazimika kwenda na mtoto, mwandikie namba yako mkononi kwa kalamu ya wino. Na usitarajie kufanya mzunguko wa mdomo. Mtoto na kikokotoo haviendi pamoja.

## Ukienda Expo ya ng'ambo

Wapo wanaoniuliza kuhusu yale makubwa ya dunia. Ya Dubai yalianza tarehe 1 Oktoba 2021 hadi 31 Machi 2022, ya Osaka yakawa tarehe 13 Aprili hadi 13 Oktoba 2025, na yanayofuata ni Belgrade 2027 na Riyadh 2030. Mizunguko ni ile ile miwili, ila kuna tofauti zinazouma.

Huko mabanda mengi si ya kuuza, ni ya kuonyesha nchi. Foleni ya banda maarufu inaweza kula nusu ya siku. Osaka mabanda mengi yaliyokuwa yakigombaniwa yalitaka nafasi uliyoiomba mapema kwa mtandao, mengine kwa bahati nasibu, na aliyefika mikono mitupu aliishia kutazama kuta. Kwa hiyo hatua ya pili huko hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla.

Usizidharau kumbi za pamoja, zile ambazo nchi kadhaa hugawana paa moja. Foleni zake ni fupi, na mara nyingi unayemkuta amesimama ni mwenye nchi, anayeweza kukueleza kahawa yake inalimwa wapi. Na kile kijitabu cha kugongesha mihuri kila banda kina raha yake, ila niliambiwa na aliyekwenda Dubai kwamba alirudi na mihuri mingi na kumbukumbu chache. Alikuwa akikimbilia mhuri.

## Hatua ya 9: Jioni hiyo hiyo, kabla ya kuoga

Ukioga utalala. Kaa chini, fungua daftari, kwa kila nyota andika mistari michache kama hii, niliyoitoa kwenye daftari langu bila kuipamba:

*Banda la kona, karibu na jenereta. Sufuria seti ya tano. Mzee wa chai. 85 bandani, 61 Mombasa kwa seti 50. Vipini vimefungwa kwa riveti mbili, si moja. Kifuniko cha tatu kilicheza. Vipuri hakuna Kampala. Anaondoka Jumapili. Nimempenda, lakini vifuniko.*

Ona kwamba hakuna "bidhaa nzuri" wala "huduma bora" humo. Andika ulichoshika kwa mkono na kilichokutia shaka. Wiki ijayo maneno ya jumla hayatakuambia lolote. Kama umetumwa na chama cha akiba au wenzako wa sokoni, wasomee ukurasa huo ulivyo, wao watauliza yaliyobaki.

Kisha tuma ujumbe kwa kila mwenye nyota usiku ule ule, kabla namba yako haijazikwa chini ya namba mia nyingine:

*Salamu mzee. Mimi ni dada wa Kireka tuliyeongea leo mchana kuhusu seti za sufuria, 50, bei ya Mombasa. Hii ni picha ya kikokotoo chako. Naomba proforma, na uniambie kuhusu vifuniko.*

Asipojibu kufikia saa nne asubuhi, panda taxi urudi Lugogo ukamwamkie pale pale kwenye katoni yake, maana Jumapili usiku anaruka.